Elfu Inayopotea kati ya "Bilioni" na "Bilião": Sifa za Namba Kubwa na Tafsiri ya Takwimu katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanahusu majina ya namba kubwa mahali ambapo Kiswahili na Kireno hukutana, yaani pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Neno *bilioni* katika Kiswahili hutaja 1,000,000,000, ilhali neno *bilião*, kwa kanuni ya Kireno cha Ureno na Msumbiji, hutaja 1,000,000,000,000. Tofauti kati ya maneno hayo mawili yanayofanana kwa sauti ni mara elfu moja kamili. Makala yanaonesha kwamba kosa la mara elfu lina tabia ya pekee kihisabati, kwani hupita katika baadhi ya njia za kawaida za kukagua hesabu bila kuacha alama. Mfano mkuu ni namba 2,007,000,000, ambayo ni jumla, kwa dola za Marekani, ya mikopo mitatu iliyozua kesi Maputo, London na New York. Mjadala unahitimishwa kwa pendekezo kuhusu namna ya kuandika namba za aina hii katika nyaraka za lugha mbili.

Istilahi za msingi: namba kubwa, bilioni, baki, tafsiri, Kireno, Cabo Delgado

1.0 Utangulizi

Rongui ni kisiwa kidogo katika sehemu ya kaskazini ya visiwa vya Quirimbas, jirani na Vamizi, kusini mwa Rasi ya Delgado. Ukifuata mwambao kuelekea kaskazini unafika mlango wa Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Mtwara. Lugha za mwambao huu ni Kimwani na Kimakwe, ambazo zina undugu wa karibu na Kiswahili. Kimakwe kimeandikiwa sarufi pana na Maud Devos (2008). Kiswahili chenyewe hutumika katika biashara na mawasiliano ya pande mbili za mpaka. Lugha ya serikali, ya shule na ya mahakama ni Kireno.

Kwa namba ndogo hali hii haina hatari yoyote. *Elfu* ni *mil*, na *milioni* ni *milhão*. Mfanyabiashara anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine hapotezi kitu. Njia za lugha hizi mbili huachana baada ya milioni, na huachana bila kishindo, kwa sababu maneno yanaendelea kufanana masikioni wakati thamani zimekwisha kutengana.

Kwa muda mrefu jambo hili lingeweza kuhesabiwa kuwa la wanaleksikografia peke yao. Wavuvi hawakuwa na haja ya namba zenye tarakimu kumi. Hali ilibadilika gesi asilia ilipogunduliwa katika bahari iliyo mbele ya Palma. Mwaka 2019 uamuzi wa kuwekeza katika mradi wa gesi iliyosindikwa wa Afungi ulitangazwa kwa gharama ya takriban dola milioni elfu ishirini. Kabla ya hapo, Oktoba 2017, mapigano yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa na wakazi wake wengi wakakimbia, baadhi yao kuelekea mpaka wa Tanzania. Tangu hapo fidia ya ardhi, misaada ya wakimbizi, mapato ya gesi na deni la taifa ni mambo ambayo watu wa pwani hii huyasikia yakitajwa kwa namba kubwa, kwa lugha zaidi ya moja. Anayeambiwa kiasi kisicho sahihi kwa mara elfu hana namna ya kudai haki yake, wala ya kujua kwamba ameambiwa vibaya.

2.0 Ngazi mbili za majina

Chanzo cha mgongano huu hakiko Afrika. Mwaka 1484 Nicolas Chuquet, mwanahisabati aliyeishi Lyon nchini Ufaransa, aliandika muswada ambamo alizigawa tarakimu za namba kubwa katika mafungu ya sita sita na kuyapa majina. Baada ya milioni aliweka *byllion*, kisha *tryllion*, na kuendelea. Mantiki yake ilikuwa wazi: kiambishi cha Kilatini kilitaja kipeo cha milioni. *Bi-* ni milioni mara milioni, yaani 10¹². *Tri-* ni milioni mara milioni mara milioni, yaani 10¹⁸. Huu ndio mpangilio unaoitwa hapa ngazi ndefu.

Katika karne ya 17 baadhi ya waandishi wa Ufaransa walianza kuyagawa majina yaleyale kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu. *Billion* ikashuka hadi 10⁹ na *trillion* hadi 10¹². Hii ni ngazi fupi, na ndiyo iliyoshika Marekani. Uingereza ilibaki na ngazi ndefu hadi Desemba 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alipolieleza Bunge kwamba takwimu za serikali yake zitatumia neno hilo kwa maana ya milioni elfu. Ufaransa, iliyozaa ngazi zote mbili, ilirudi rasmi kwenye ngazi ndefu mwaka 1961. Ureno haikuiacha: kwa Kireno cha Ulaya 10⁹ ni *mil milhões*, yaani milioni elfu, na *bilião* ni 10¹². Brazil ilichukua ngazi fupi, na *bilhão* ya huko ni 10⁹.

Kiswahili cha Tanzania na Kenya leo kiko katika ngazi fupi bila shaka yoyote. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilitajwa kuwa shilingi trilioni 49.35, na kila msikilizaji alielewa 10¹². Lakini si Waswahili wote wanaokaa katika ngazi hiyo. Kinyarwanda huita 10⁹ *miliyari*, kutokana na Kifaransa, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo nacho husema *miliari*. Ikumbukwe pia kwamba Kijerumani, lugha ya watawala wa Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza, kina ngazi ndefu hadi leo. Quionga, mji mdogo ulio kusini tu ya Ruvuma, ulikuwa chini ya Wajerumani hadi Wareno walipouteka mwaka 1916. Tarishi wa Quionga, kama angekuwa na sababu ya kutaja namba kubwa kiasi hicho, asingelazimika kubadili ngazi alipobadilishiwa bendera.

Lugha ya Kiswahili ina mazoea ya zamani ya kupokea namba kutoka kwa wale inaofanya nao biashara. *Kikwi* cha kale kilisukumwa kando na *elfu* ya Kiarabu. *Laki* ililetwa na biashara ya Bara Hindi. *Milioni* na *bilioni* zilikuja na Wazungu. Kila neno liliingia peke yake, bila mfumo uliolizaa. Ndiyo maana *bi-* ya bilioni haisemi chochote kwa sikio la Mswahili, na kufanana kwake na *mbili* ni bahati tu. Msemaji wa Kiswahili hujifunza *bilioni* kama jina la pekee, si kama fomula, na kwa hiyo hana kengele ya ndani ya kumwonya anapokutana na *bilião*.

3.0 Namba mbili zilizo nyuma ya jina moja

Inafaa kuzitazama namba zenyewe, kwa kuwa hazifanani kitabia hata kidogo. Namba 10⁹ ni zao la namba tasa mbili tu: 2 mara tisa na 5 mara tisa. Ina vigawo 100. Ni mchemraba kamili, kwa kuwa ni 1,000 × 1,000 × 1,000, lakini si mraba kamili: hakuna namba nzima inayozaa 10⁹ ikizidishwa kwa yenyewe. Namba 10¹² ina 2 kumi na mbili na 5 kumi na mbili, na vigawo 169. Ni mraba wa milioni, ni mchemraba wa elfu kumi, na pia ni kipeo cha nne cha elfu moja.

Tofauti hizi zinaeleza kwa nini ngazi ndefu ina ulinganifu ambao ngazi fupi haina. Katika ngazi ndefu jina hutaja kipeo cha milioni moja kwa moja. Katika ngazi fupi *bi-* si kipeo cha pili cha elfu wala cha milioni. Ili kuifikia 10⁹ lazima mtu achukue kipeo cha pili cha elfu kisha azidishe kwa elfu nyingine. Elfu hiyo ya ziada haina jina katika neno. Kwa mtazamo wa mpangilio, basi, Kireno cha Msumbiji kina hoja nzuri kuliko Kiswahili cha Dodoma. Hilo halitabadili matumizi ya mtu yeyote, na halipaswi kutumiwa kuwashauri Watanzania wabadili bajeti yao. Linatajwa kwa sababu watungasera mara nyingi hudhani kwamba upande unaotumia *mil milhões* ndio uliobaki nyuma.

4.0 Namba 2,007,000,000

Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za umma za Msumbiji zilichukua mikopo kwa dhamana ya serikali ambayo Bunge halikuiidhinisha: dola milioni 622 za Proindicus, milioni 850 za Ematum, na milioni 535 za MAM. Jumla ni dola 2,007,000,000. Mambo haya yalijulikana kwa upana mwaka 2016 na kuitwa "madeni yaliyofichwa", na kesi zake zilisikilizwa kwa Kireno Maputo na kwa Kiingereza London na New York. Kwa Kiingereza deni lilikuwa bilioni mbili. Kwa Kireno cha mahakamani lilikuwa *dois mil milhões*. Kwa Kiswahili cha magazeti ya Tanzania na Kenya lilikuwa bilioni mbili.

Namba 2,007,000,000 ikichambuliwa ni 2⁶ × 3² × 5⁶ × 223, ambapo 223 ni namba tasa. Ina vigawo 294. Sifa inayohusika hapa zaidi ni baki zake, kwa sababu ukaguzi wa kale wa hesabu hutegemea baki.

Njia inayojulikana zaidi ni ya tisa. Tarakimu za namba hujumlishwa hadi ibaki moja; matokeo ndiyo baki ya namba hiyo inapogawanywa kwa 9, na tisa yenyewe huhesabiwa kuwa sifuri. Kwa mikopo mitatu: 622 huacha 1, 850 huacha 4, 535 huacha 4. Moja na nne na nne ni tisa, yaani sifuri. Tarakimu za 2007 nazo hujumlika kuwa tisa. Hesabu imekubali. Njia hii iliwasaidia makarani wa nchi nyingi kwa karne nyingi na ni nzuri kwa kosa la tarakimu moja iliyoandikwa vibaya. Lakini sasa namba yote izidishwe kwa elfu, iwe 2,007,000,000,000, kama ingetokea iwapo mtu angeichukua *bilioni* na kuiandika kama *bilião*. Baki ya tisa ni ileile, sifuri, kwa sababu sifuri tatu zilizoongezwa hazibadili jumla ya tarakimu. Ukaguzi umelipitisha kosa.

Sababu ni kwamba 1,000 ukiigawa kwa 9 hubaki 1. Kwa ujumla, kigawo chochote cha 999 hakiwezi kuliona kosa la mara elfu, na 999 ni 27 × 37. Kwa hiyo 3, 9, 27, 37, 111 na 333 zote ni vipofu mbele ya kosa hili. Aliyezoea kukagua kwa tisa amechagua, bila kujua, mojawapo ya namba chache ambazo haziwezi kumsaidia.

Njia ya kumi na moja ni afadhali. Hapa tarakimu hujumlishwa na kutolewa kwa zamu kuanzia kulia. Kwa 622: 2 toa 2 jumlisha 6 ni 6. Kwa 850: 0 toa 5 jumlisha 8 ni 3. Kwa 535: 5 toa 3 jumlisha 5 ni 7. Jumla ni 16, ambayo huacha 5. Kwa 2007: 7 toa 0 jumlisha 0 toa 2 ni 5. Imekubali. Namba ikizidishwa kwa elfu, baki haibaki 5. Hugeuka kuwa 6, yaani kumi na moja toa tano. Kosa limeonekana. Vivyo hivyo kwa 7, ambako baki hutoka 5 hadi 2, na kwa 13, ambako hutoka 5 hadi 8. Siri iko katika 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13: kwa namba hizi tatu, elfu ni sawa na kutoa moja, na kila kuzidisha kwa elfu hugeuza alama ya baki. Wasomaji waliokulia na hadithi za Alfu Lela Ulela watafurahi kuona kwamba ile alfu na moja ina kazi nyingine.

Lakini furaha hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe uko baharini mbele ya Rongui. Kiasi cha gesi hutajwa kwa futi za ujazo. Tanzania, upande wa kaskazini wa Ruvuma, hutaja hazina yake kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, yaani 57,540,000,000,000. Kwa kanuni ya Kireno kiasi hicho ni *biliões* 57,54. Mfasiri anayefuata sauti ataandika *triliões*, na kwa ngazi ndefu atakuwa ameongeza si mara elfu, bali mara milioni. Kuzidisha kwa milioni ni kuzidisha kwa elfu mara mbili. Alama ya baki hugeuka na kugeuka tena, na inarudi ilipokuwa. Namba 999,999 ni 27 × 7 × 11 × 13 × 37. Kwa hiyo kosa la mara milioni halionekani kwa 9, wala kwa 7, wala kwa 11, wala kwa 13.

Ipo namba ambayo haidanganyiki kwa urahisi: 97. Sifuri zinaweza kuongezwa hadi 95 na baki ya 97 itakuwa tofauti kila mara, isipokuwa namba yenyewe iwe inagawanyika kwa 97. Benki zinalijua hili. Namba za kimataifa za akaunti, IBAN, hukaguliwa kwa 97, na karani akikosea tarakimu moja mashine hukataa. Kinachostahili kuangaliwa na washauri wa sera ni kwamba ulinzi huo ni wa namba ya akaunti tu. Kiasi cha fedha kinachotumwa hakina tarakimu ya ukaguzi. Fedha zitafika kwa mtu sahihi hata kama ni mara elfu ya zilizokusudiwa.

Ukaguzi unaobaki si wa baki bali wa busara: kugawanya kwa watu. Sensa ya Msumbiji ya mwaka 2017 ilihesabu takriban watu milioni 28. Dola 2,007,000,000 zikigawanywa kwao ni kama dola 72 kwa kila mtu, mtoto na mzee. Kosa la kupanda ngazi lingefanya dola 72,000; la kushuka lingefanya senti saba. Mtu yeyote Rongui anaweza kutofautisha kati ya hayo matatu bila kujua Chuquet alikuwa nani. Wahariri wa habari za fedha wangefanya vyema kuandika kiasi cha kila mtu kando ya kila jumla kubwa, si kwa ajili ya kupamba habari bali kwa ajili ya kuikagua.

5.0 Nukta, mkato na metikali ya 2006

Hata tarakimu, zinazodhaniwa kuwa salama kuliko maneno, zina mtego wa mara elfu. Kireno hutenganisha maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato. Kiswahili cha Afrika Mashariki, kikifuata Kiingereza, hufanya kinyume. Kwa hiyo "1.500" Palma ni elfu moja na mia tano, na Mtwara ni moja na nusu.

Chukua tena jumla ya mikopo. Mwandishi wa Kireno anaweza kuandika *2.007 milhões*, kwa usahihi kamili. Mfasiri anayenakili tarakimu na kubadili neno tu ataandika "milioni 2.007", na msomaji wa Mtwara ataelewa milioni mbili na elfu saba. Deni limepungua mara elfu. Mwandishi mwingine anaweza kuandika *2,007 mil milhões*, nayo pia ni sahihi. Ikinakiliwa kama "milioni elfu 2,007" au "bilioni 2,007", deni limekua mara elfu. Katika hali zote mbili hakuna neno lililofasiriwa vibaya.

Kuna pia tabaka la historia. Tarehe 1 Julai 2006 Msumbiji ilianzisha metikali mpya kwa uwiano wa metikali 1,000 za zamani kwa 1 mpya. Noti ya 500,000 ikawa sawa na 500. Mtafiti anayelinganisha bei za samaki au mishahara ya kabla na baada ya tarehe hiyo lazima aondoe sifuri tatu. Wareno wenyewe walikwisha kufanya jambo kama hilo mwaka 1911, reali 1,000 zilipofanywa eskudo 1. Yaelekea elfu moja ndiyo hatua ambayo fedha za ulimwengu wa Kireno hupenda kuruka, na ni bahati mbaya kwamba ni hatua ileile inayozitenganisha ngazi za majina. Ripoti inayotaja "bilioni" za metikali za mwaka 2003 inaweza kuwa na makosa mawili yanayofutana, na msomaji asijue kwamba amefika sahihi kwa njia mbovu.

6.0 Maneno yanaposhinda tarakimu

Sheria za hundi na hawala huongeza uzito wa suala hili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hawala, ambayo kanuni zake zilisambaa katika makoloni yake, inaeleza katika kifungu cha 9 kwamba kiasi kilichoandikwa kwa maneno kikipingana na kile cha tarakimu, maneno ndiyo yanayofuatwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1930, ulioingia katika sheria za Ureno, una kanuni hiyohiyo katika ibara ya 6. Pande zote mbili za Ruvuma, basi, zimerithi imani kwamba maneno ni imara kuliko tarakimu.

Imani hiyo ina mantiki ndani ya lugha moja. Ni rahisi kuongeza sifuri kwenye tarakimu kuliko kugeuza "mia" kuwa "elfu". Lakini iliwekwa na watu waliochukulia kwamba pande zote husoma neno moja kwa maana moja. Katika mkataba wa lugha mbili ambao matini ya Kireno inasema *um bilião* na ya Kiswahili "bilioni moja", kanuni ya maneno kushinda haitatui mgogoro bali inauzaa.

Wala si haki kumlaumu mfasiri asiyejua kanuni, kwani kuijua hakutoshi. Magazeti ya Msumbiji huandika *mil milhões* na pia *biliões* kwa thamani ileile ya 10⁹, kwa kuathiriwa na Kiingereza cha wawekezaji na Kireno cha Brazil. Mfasiri mwangalifu anayekutana na *2 biliões de dólares* ana chaguo mbili. Akifuata kamusi ataandika "trilioni 2". Akifuata mazoea ya magazeti ataandika "bilioni 2". Wafasiri wawili waaminifu, wenye elimu sawa, watatoa matini mbili zinazotofautiana mara elfu, na kila mmoja ataweza kujitetea.

7.0 Matumizi yanayopendekezwa

Agosti 2019 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Katika meza hiyo Kiingereza na Kiswahili ziko katika ngazi fupi, Kifaransa na Kireno katika ngazi ndefu. Jambo lililokuwa la Palma na Mtwara limekuwa la kila ripoti ya jumuiya, na vyombo vya istilahi, hasa BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vina sababu ya kutoa mwongozo wake.

Mwongozo huo hauhitaji istilahi mpya. Shirika la kimataifa la vipimo, BIPM, katika kijitabu chake cha mfumo wa SI, linatahadharisha kwamba majina haya huchanganya kwa kutofautiana kati ya lugha na lugha. Kiswahili tayari kina njia ya kuyakwepa: *milioni elfu*. Hiyo ni tafsiri sisisi ya *mil milhões*, inaeleweka na Mswahili yeyote aliyefika darasa la nne, na haina maana ya pili. Kwa kuwa Kiswahili hutanguliza kipimo na kufuatisha idadi, "milioni elfu mbili na saba" husomeka wazi kuwa ni milioni zilizo 2,007. Mpangilio wa kinyume, "elfu mbili na saba milioni", haufai. Una utata uleule wa "elfu mia tano", ambayo wengine huielewa kuwa 500,000 na wengine 1,500, na ambao katika mazungumzo hutatuliwa na *laki*. Kwa 10¹², "milioni milioni moja" ni nzito lakini ni salama. Katika jedwali 10¹² yenyewe inatosha.

Kuhusu tarakimu, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003, katika azimio lake la 10, uliruhusu nukta au mkato kwa desimali, na ukarudia kwamba mafungu ya tarakimu tatu yatenganishwe kwa nafasi tupu, si kwa nukta wala mkato. Kwa nyaraka zinazovuka Ruvuma hili ndilo suluhisho pekee ambalo halimlazimishi mtu yeyote kuacha mazoea ya shuleni kwake. Makala haya yenyewe, kwa kufuata desturi ya uchapaji wa Kiswahili, yametumia mkato, na katika kitabu kinachosomwa na Waswahili pekee hakuna dhara. Katika mkataba wa fidia hali ni nyingine.

Jumla ya mikopo mitatu, kwa utaratibu huu, ingeandikwa hivi katika waraka wa lugha mbili: *USD 2 007 000 000, dola za Marekani milioni elfu mbili na saba, dois mil e sete milhões de dólares americanos*. Maneno ya Kiswahili na ya Kireno yanalingana kipande kwa kipande, na hakimu anayelazimika kufuata maneno atafika kwenye tarakimu zilezile. Kwa redio, ambayo haina tarakimu za kuonesha na ambayo ndiyo njia kuu ya habari visiwani, sehemu ya kati inasomwa kama ilivyo, na inafuatwa na kiasi cha kila mtu.